Kifafa Kina Dawa

Mama mmoja wa pwani ya Pangani alimleta mwanawe zahanati. Kijana huyo ni mvuvi. Mkononi ana kovu kubwa la moto. Alipokuwa mtoto alianguka jikoni, na waliokuwepo hawakumvuta. Waliogopa povu. Watu husema povu la mwenye kifafa linaambukiza. Haliambukizi. Hata mimi, kabla ya kusomea uganga, nililikimbia.

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Ubongo una chembe nyingi sana. Chembe hizo hupelekeana habari kwa kemikali zinazotengenezwa na mwili wenyewe. Kila chembe ina milango midogo, ambayo wataalamu huiita vipokezi. Kemikali huingia kwenye mlango wake kama ufunguo kwenye kufuli lake. Kemikali moja husema, "Fanya!" Nyingine husema, "Tulia!" Mtu anapoanguka kifafa, chembe nyingi zinapiga kelele pamoja, na neno la kutulia halisikiki.

Mmoja wa walioigundua kemikali kubwa ya kutuliza ubongo ni Eugene Roberts. Alizaliwa Urusi mwaka 1920, akakulia Marekani. Yeye hakuwa akitafuta dawa ya kifafa, alikuwa akichunguza uvimbe wa panya. Alipopima ubongo wa panya kwa karatasi maalumu, likatokea doa asilolijua. Mwaka 1950 aliwatangazia wenzake. Kemikali hiyo huitwa gaba. Ilipita miaka mingi mpaka kazi yake ikajulikana, na Roberts aliendelea kuichunguza hata uzeeni. Alifariki mwaka 2016.

Ajabu ni kwamba dawa ilitangulia. Mwaka 1912 huko Ujerumani, daktari Alfred Hauptmann alikuwa akilala juu ya wodi ya wagonjwa wa kifafa. Vishindo vyao vya kuanguka usiku vilimnyima usingizi. Akawapa dawa ya usingizi, fenobabitoni. Wakalala, naye akalala. Lakini hata mchana kuanguka kukapungua! Sababu hakuijua. Leo tunajua kwamba fenobabitoni huufanya mlango wa gaba ukae wazi muda mrefu zaidi. Dawa hiyo hiyo Dk. Louise Jilek-Aall aliwapa wagonjwa wa Mahenge katika miaka ya 1960.

Mvuvi wetu alimeza kidonge kila jioni. Miezi 5 hakuanguka. Akaona amepona, akaacha. Wiki ya pili alianguka ndani ya ngalawa, na mjomba wake akamdaka shati. Kosa lilikuwa langu pia. Nilimpa vidonge bila kumweleza kuwa haviachwi ghafla. Vidonge hushikilia mlango tu, haviondoi chanzo. Ukiviacha ghafla, kelele hurudi kwa nguvu. Huachwa kidogo kidogo, kwa ushauri wa mganga, baada ya miaka bila kuanguka.

Mtu akianguka, ondoeni moto na vitu vyenye ncha karibu naye. Mlazeni ubavu. Msimtie kijiko mdomoni, wala msimkandamize. Akitetemeka zaidi ya dakika 5, mpelekeni haraka kituo cha afya.

Kijana sasa anashona nyavu ufukweni. Mjomba ndiye anayemkumbusha kidonge. Baharini hajarudi, tumekubaliana asubiri kwanza.