Shule za Mji wa Lawrence na Mtihani wa Jimbo

Katika jimbo la Massachusetts, upande wa kaskazini-mashariki wa Marekani, uko mji uitwao Lawrence. Toka hapo mpaka Boston, mji mkuu wa jimbo, ni mwendo wa kilomita 40 hivi. Mji huu ulianzishwa mwaka 1845 na matajiri wa Boston walioona kwamba nguvu ya maji ya mto Merrimack yaweza kuendesha mitambo ya kufuma nguo. Ukuta mkubwa wa mawe ulijengwa mtoni ili kuzuia maji, viwanda vikasimama ukingoni, na watu wa mataifa mengi wakaja kutafuta kazi. Baadaye viwanda vingi vilifungwa au vikahamia mahali penye mishahara midogo, na mji ukabaki na umaskini. Wakazi wengi wa leo asili yao ni Jamhuri ya Dominika na Puerto Rico, na nyumbani husema Kihispania.

Mwezi wa Novemba 2011 wazazi wa mji huo walipata habari nzito. Halmashauri ya Elimu ya jimbo iliamua kuziondoa shule zote za serikali za Lawrence, zenye wanafunzi 13,000 hivi, katika mikono ya halmashauri ya mji na kuzitia chini ya msimamizi mmoja. Sababu iliyotajwa kwanza ni matokeo ya mtihani ambao watoto wa jimbo zima huufanya kila mwaka. Yafaa ieleweke mtihani huo ni wa namna gani, kwa nini ulipewa nguvu kubwa hivyo, na maendeleo yaliyofuata yalipatikana kwa njia gani.

MTIHANI ULIVYOANZA

Huko Marekani shule nyingi za serikali hutegemea kodi ya nyumba na mashamba ya mahali zilipo. Kwa hiyo mji wenye majumba ya thamani hupata fedha nyingi za shule, na mji wa maskini hupata kidogo. Mnamo Juni 1993 mahakama ya juu ya Massachusetts ilitoa hukumu kwamba jimbo lina wajibu wa kuwaelimisha watoto wote, wa miji maskini sawasawa na wa miji tajiri. Mwezi huo huo sheria mpya ya elimu ilitiwa sahihi.

Sheria ile ilikuwa kama mapatano ya pande mbili. Jimbo lilikubali kuongeza fedha nyingi kwa shule za miji maskini; nazo shule zilitakiwa kuonyesha kwamba fedha hizo zinaleta elimu. Ili jambo hilo lijulikane, mtihani mmoja wa jimbo zima ulitungwa, nao ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Jina lake kwa kifupi ni MCAS. Watoto wa darasa la tatu hadi la nane, na wale wa darasa la kumi, hupimwa katika Kiingereza na hesabu. Na katika madarasa machache hupimwa pia sayansi. Si maswali ya kuchagua jibu tu. Wanafunzi hutakiwa pia kuandika insha na kueleza njia waliyoifuata katika hesabu.

Msomaji wa Kenya yampasa kutambua tofauti moja. Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi uliofanywa Kenya tangu 1985 hadi 2023 ulitumika kuamua mtoto ataingia shule gani ya sekondari. Mtihani wa Massachusetts kwa madarasa ya chini haumfungii mtoto mlango. Anayehukumiwa hasa ni shule, na wilaya ya shule, na wakuu wake. Ni katika darasa la kumi tu ambapo mtihani ulimgusa mwanafunzi mwenyewe, maana tangu waliomaliza mwaka 2003 hakuna aliyepata cheti cha sekondari bila kufikia kiwango kilichowekwa. Aliyeshindwa aliruhusiwa kurudia mara kadhaa.

JINSI YA KUSOMA MATOKEO

Matokeo ya mtihani huu yaweza kusomwa kwa njia mbili, na asiyezitofautisha hukosea.

Njia ya kwanza ni kuhesabu watoto waliofikia kiwango. Zamani vilikuwapo vyeo vinne, kuanzia cha juu kabisa hadi cha onyo, na ilitazamwa ni watoto wangapi katika kila 100 walioingia vyeo viwili vya juu. Hesabu hii ni rahisi, lakini ina upungufu. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba yenye vitabu na lugha ya Kiingereza huanza mbele ya mtoto aliyefika Lawrence mwaka jana akijua Kihispania tu. Wote wawili wakifundishwa sawasawa, bado watakuwa mbali mmoja na mwenzake.

Kwa hiyo jimbo liliongeza njia ya pili, yaani kupima hatua aliyopiga mtoto. Wachukuliwe watoto 100 waliopata alama zinazofanana katika miaka iliyopita, nao wapangwe mstari mmoja kwa alama za mwaka huu. Mtoto aliyewapita 60 katika wenzake wale huandikiwa hatua ya 60; aliyewapita 20 huandikiwa 20. Hivyo mtoto mwenye alama ndogo aweza kuonekana amepiga hatua kubwa, na shule ya watoto wenye alama kubwa yaweza kuonekana imelala. Shule ya maskini ambayo walimu wake wanafanya kazi vizuri hupata ushahidi wa kazi yao, hata kama haijawafikia matajiri.

JIMBO LAZITWAA SHULE

Mwanzoni mwa mwaka 2010 ilipitishwa sheria iliyolipa jimbo uwezo wa kuitwaa wilaya nzima ya shule iliyoshindwa kwa muda mrefu. Lawrence ilikuwa wilaya ya kwanza kutwaliwa chini ya sheria hiyo. Katika mtihani wa mwaka 2011 ni watoto 28 tu katika kila 100 waliofikia kiwango cha kuridhisha katika hesabu, na 41 katika Kiingereza. Jambo baya zaidi lilikuwa sekondari: karibu nusu ya wanafunzi hawakumaliza masomo katika miaka minne iliyowekwa.

Msimamizi aliyechaguliwa alikuwa Bw. Jeff Riley, aliyekuwa mwalimu mkuu na kisha mkuu katika idara ya shule za Boston. Alianza kazi Januari 2012. Sheria ilimpa mamlaka ya mkurugenzi wa elimu pamoja na mamlaka yote ya halmashauri ya shule iliyochaguliwa kwa kura, na tena uwezo wa kubadili mikataba ya walimu. Watu wengi walihofu kwamba angewafukuza walimu kwa wingi na kuzikabidhi shule zote kwa makampuni ya nje.

KAZI ILIYOFANYWA

Haikuwa hivyo. Walimu walio wengi sana walibaki kazini. Waliobadilishwa kwa wingi ni walimu wakuu. Katika miaka miwili ya kwanza karibu nusu yao walipokewa na wengine. Ofisi kuu ya elimu ilipunguzwa, na fedha zilizookolewa zikapelekwa shuleni. Kila shule ilipewa uhuru wa kupanga saa zake na mafunzo yake, kwa kadiri ya uwezo wake. Shule chache zilikabidhiwa wasimamizi wa nje, na moja iliendeshwa kwa ushirikiano na chama cha walimu chenyewe.

Jambo la pili lilikuwa saa za masomo. Kwa madarasa ya kwanza hadi ya nane ziliongezwa saa zisizopungua 200 kwa mwaka. Saa hizo hazikutumiwa zote kwa mazoezi ya mtihani; watoto walipewa pia muziki, michezo ya kuigiza na michezo ya mwili, ili wapende kuja shule.

Jambo la tatu ndilo lililozaa matunda mengi kuliko yote. Katika juma la likizo la Februari na la Aprili, watoto waliokuwa nyuma walialikwa kurudi shule kwa siku tano. Walikaa katika vikundi vidogo vya watoto 10 au 12 hivi, kila kikundi na mwalimu mmoja na somo moja. Walimu hawakupangwa tu. Waliomba nafasi, wakachaguliwa kwa ubora wa kazi yao, na wakalipwa zaidi. Katika juma hilo moja mtoto alipata saa 25 hivi za somo analolihitaji, karibu na mwalimu anayemwona na kumsikia.

HESABU ZILIVYOONYESHA

Kufikia mwaka 2014 watoto waliofikia kiwango katika hesabu walikuwa 41 katika kila 100, badala ya 28. Katika Kiingereza walitoka 41 wakafika 44 tu. Wanafunzi waliomaliza sekondari kwa wakati, waliokuwa 52 hivi katika kila 100, walizidi 70 mwaka 2015.

Wataalamu watatu wa vyuo vikuu, Beth Schueler, Joshua Goodman na David Deming, walichunguza mambo hayo, na uchunguzi wao ulitolewa mwaka 2017. Waliwalinganisha watoto wa Lawrence na watoto wa miji mingine iliyofanana nayo. Waliona kwamba maendeleo ya hesabu yalikuwa makubwa kweli, na ya Kiingereza yalikuwa madogo. Waliona tena kwamba mafunzo yale ya likizo yalileta nusu au zaidi ya faida yote ya hesabu, na karibu faida yote ya Kiingereza.

Kwa nini hesabu iliondoka mbio na lugha ikakawia? Hesabu mtoto huifunza hasa darasani, na mwalimu mwema aweza kuonekana upesi. Lugha hufunzwa shuleni, nyumbani, njiani na sokoni. Mtoto ambaye Kiingereza chake hukoma kengele ya mwisho inapolia huhitaji miaka mingi, si majuma. Mwenye kungoja matunda ya lugha kwa haraka iliyo sawa na ya hesabu atamlaumu mwalimu bure.

YALIYOBAKI KUJADILIWA

Maendeleo hayo hayakumaliza ubishi. Raia wengi wa Lawrence waliuliza: kama mji unalipa kodi na kupiga kura, kwa nini halmashauri yake ya shule isiwe na sauti? Bw. Riley alipoondoka mwaka 2018 kuwa kamishna wa elimu wa jimbo zima, shule hazikurudishwa kwa halmashauri ya mji. Ziliwekwa chini ya baraza jipya lililoteuliwa. Wilaya nyingine mbili, Holyoke mwaka 2015 na Southbridge mwaka 2016, nazo zilitwaliwa kwa sheria ile ile, na ubishi huo ukawafuata huko.

Tena kulinganisha miaka si kazi nyepesi. Tangu mwaka 2017 mtihani ulibadilishwa ukawa mgumu zaidi, na vyeo vyake vikapewa majina mapya, hata alama za kabla na za baadaye haziwezi kupangwa mstari mmoja. Mwaka 2020 mtihani haukufanywa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Watoto wa Lawrence walisomea nyumbani kwa miezi mingi, wengi wao katika nyumba zenye watu wengi, na ulipofanywa tena mwaka 2021 matokeo yalikuwa yameshuka katika jimbo zima, na hesabu ndiyo iliyoumia zaidi. Kilichojengwa kwa saa nyingi za mwalimu kilipungua saa hizo zilipokosekana.

Mwishowe raia wa jimbo waliamua juu ya nguvu ya mtihani wenyewe. Mnamo Novemba 2024 waliulizwa kwa kura kama mtihani wa darasa la kumi uendelee kuwa sharti la cheti. Watu 59 hivi katika kila 100 walisema sharti liondolewe. Waliotaka libaki walisema kwamba bila kiwango kimoja cha jimbo, cheti cha mji maskini kitadharauliwa. Waliolipinga walisema kwamba waliokuwa wakinyimwa cheti walikuwa hasa wageni wanaojifunza Kiingereza na watoto wenye ulemavu, na kwamba mwalimu aliyekaa na mtoto miaka minne anamjua kuliko karatasi ya siku chache. Kura hiyo haikuufuta mtihani. Ilimwondolea mwanafunzi hatari ya kukosa cheti kwa ajili yake.

MAFUNZO YA LAWRENCE

Mambo ya Lawrence yanaonyesha wazi kazi ya mtihani na mpaka wake. Bila mtihani wa jimbo, watoto wa mji ule wangeendelea kupandishwa madarasa mwaka hata mwaka, na aibu ya shule zao isingejulikana nje ya mji. Mtihani uliyafanya mambo yaonekane. Lakini mtihani haukumfundisha mtoto hata mmoja kugawanya wala kuzidisha. Kilichomfundisha ni mwalimu aliyechaguliwa vema, kikundi kidogo, na saa za kutosha. Na mambo hayo yote yalihitaji fedha na watu wa kuyasimamia.

Kwa hiyo mzazi au mjumbe wa halmashauri anaposomewa alama za shule yake, haitoshi kuuliza kama zimepanda au zimeshuka. Na aulize pia watoto wale walianzia wapi, walipata mwalimu wa namna gani, na kwa saa ngapi. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayomwambia la kufanya kesho.