Uzito wa mtoto: kipi kinatokana na ukoo, kipi na chakula?

Huenda una watoto wawili wanaokula chungu kimoja hapo Kariakoo. Mmoja ananenepa, mwenzake anabaki mwembamba, na majirani wanasema unampendelea mmoja. Kabla ya kujilaumu, mama, fahamu yafuatayo.

Vinasaba vina nafasi yake

Mtoto hurithi nusu ya vinasaba vyake kwa mama na nusu kwa baba, lakini ndugu hawarithi mchanganyiko uleule. Tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa takriban asilimia 40 hadi 70 ya tofauti za uzito kati ya watu huhusiana na vinasaba. Mwaka 2007 watafiti waligundua kuwa kinasaba kiitwacho FTO kinahusiana na unene. Miongoni mwa watu wazima wa Ulaya waliochunguzwa, waliorithi aina yake ya kunenepesha kwa wazazi wote wawili walikuwa na wastani wa kilo 3 zaidi. Kinasaba hicho huongeza zaidi hamu ya kula. Kwa hiyo mtoto anayeomba chakula kila mara si lazima awe mlafi.

Mwili hutumiaje nishati?

Sehemu kubwa ya nishati huendesha moyo, ubongo na viungo vingine, hata mtu akiwa amelala. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Wahadzabe hutembea sana wakiwinda na kuchimba mizizi. Hata hivyo, ukizingatia ukubwa wa mwili, nishati waliyotumia kwa siku ilikaribiana na ya watu wa Marekani na Ulaya.

Michezo ni muhimu kwa afya ya mtoto, lakini peke yake haitoshi kudhibiti uzito. Anachokula kina uzito zaidi. Chupa moja ya soda ya mililita 350 inaweza kuwa na vijiko 9 vya chai vya sukari. Mpe maji na matunda badala yake.

Ukoo usikufumbe macho

Usiseme tu "ni mwembamba kama baba yake." Mtoto wa mwaka mmoja hutumia nishati nyingi kuliko mtu mzima, kwa kulinganisha na ukubwa wa mwili wake, hivyo anahitaji kula mara kwa mara. Nenda naye kituo cha afya ukiona:

- mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki haupandi, au unashuka;
- miguu yote miwili imevimba;
- anakonda huku akinywa maji na kukojoa sana;
- ananenepa kwa kasi isiyo ya kawaida.

Usimpe dawa ya kunenepesha wala ya kupunguza mwili uliyonunua bila ushauri wa daktari. Beba kadi yake, na umweleze mhudumu jinsi wazazi na ndugu zake walivyo. Maelezo hayo yatamsaidia kujua kama mtoto anakua vizuri kwa umbo lake au anahitaji matibabu.