Je, Wajua? Nati Zimeingia, Rimu Imekataa

Tazama lori lolote kubwa lililopaki Goli, mpakani mwa Uganda, likisubiri kuvuka kuingia Mahagi, Kongo. Gurudumu la mbele limetokeza tumbo nje. Nyuma, kwenye yale mapacha, la upande wa nje limebonyea ndani kama bakuli. Je, wajua kwamba kwa kawaida rimu hizo ni za aina moja, ila moja imegeuzwa? Ndiyo maana dereva aliyetoka Kampala kwa njia ya Karuma, Pakwach na Nebbi anaweza kubeba tairi moja la akiba na likamfaa popote litakapopasuka.

Kilichobadilika hapo ni kipimo kimoja: umbali kutoka pale rimu inapogusana na habu hadi ukingo wake wa ndani. Tukiite kina cha nyuma. Kwenye lori, kiwanda kimeshakikadiria. Kwenye gari la zamani, anayetafuta rimu za mitumba ndiye anayepaswa kukijua, na wengi hata hawakiulizi. Wanahesabu matundu ya nati, basi.

Kukipima hakuhitaji mashine. Laza rimu kifudifudi, weka ubao ulionyooka juu ya ukingo wake wa nyuma kutoka upande mmoja hadi wa pili, kisha teremsha futi hadi pale habu inapokaa. Namba unayoisoma ndiyo hiyo. Ubao uguse chuma, usiguse mpira: tairi likiwa bado limevikwa, ubavu wake huvimba kupita ukingo na kukupa kipimo cha uongo.

Je, wajua kwa nini Land Cruiser za mfululizo wa 40 na wa 60 zina nati 6 kwenye duara la milimita 139.7? Namba hiyo ya ajabu ni inchi 5.5 kamili. Vivyo hivyo milimita 165.1 za Land Rover ya kizamani ni inchi 6.5. Volkswagen Beetle ilikuwa na duara lake tofauti: nati 5 kwenye duara pana la milimita 205 hadi 1967, kisha 4 kwenye duara la 130.

Duara la 139.7 limeenea mno. Nissan Patrol, Hilux na Pajero nyingi za zamani zinalo, na hapo ndipo mtego ulipo. Tundu la katikati la rimu ya Pajero lina milimita 67 hivi, na kitovu cha Land Cruiser kinapita 100. Rimu haiingii kabisa. Afadhali hiyo, inakataa mapema. Ya hatari ni ile inayoingia vizuri, nati zikakaza, halafu ukikata kona hadi mwisho tairi la mbele linasugua springi. Rimu za Land Cruiser za mfululizo wa 70 za tangu 1999 mwenye 40 asihangaike nazo: mwaka huo zilihamia nati 5 na duara la milimita 150.

Kwenye rimu nyingi utaona herufi ET na namba. Hicho ni kipimo kingine, kinachoanzia katikati ya rimu, nacho kimewaponza wengi. Chukua rimu mbili zenye ET 0, moja ya inchi 6, nyingine ya 8. Upana husomwa pale tairi linapokaa, kwa hiyo kingo mbili huongeza karibu inchi 1. Nusu ya 7 ni 3.5, nusu ya 9 ni 4.5. ET ni ileile, lakini rimu pana imesogea milimita 25 kuelekea springi na shokomzoba. Kina cha nyuma hakina hila hiyo. Kikibaki kilekile, upana wote unaoongezeka unakwenda nje, kwenye madigadi.

Mvua ikinyesha kwenye barabara ya taifa namba 27, kati ya Bunia na Mahagi, chunguza alama za Land Cruiser 79 yenye injini ya V8. Tairi za nyuma hazipiti sawasawa kwenye njia ya zile za mbele. Toyota ilipotia injini hiyo mwaka 2007 ilipanua mbele ya gari, ekseli ya nyuma ikaachwa ilivyokuwa. Tofauti ni milimita 95 hivi. Kwenye tope zito gari linachimba mifereji mipana kuliko kawaida. Wapo wanaolirekebisha kwa kufunga nyuma rimu zenye kina kidogo, ili gurudumu litoke nje.

Kutoka nje nako kuna gharama. Beringi za habu hubebeshwa mzigo kwa pembeni, zikachoka upesi. Na zikiwa ni rimu za mbele, kila shimo linapata mkono mrefu wa kuupiga usukani. Dereva wa barabara hiyo ya Bunia atalisikia kwenye viganja kabla hajafika mbali.

Kwa hiyo fundi makini hupima gari kwanza: toka uso wa habu hadi kizuizi cha kwanza kwa ndani, na toka hapohapo hadi ukingo wa madigadi kwa nje. Kisha hulijaribu gari likiwa limepanda tuta kwa gurudumu moja, springi imebanwa na usukani umekatwa hadi mwisho, kwanza kushoto, halafu kulia. Kwenye uwanja tambarare karibu kila rimu huonekana imekaa.