Sauti ya Kukodi: Kazi ya Mtia Sauti wa Kiswahili na Haja Yake ya Wenzake

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza kazi moja ambayo matunda yake twayasikia kila siku, lakini mwenyewe aifanyaye aghalabu hatumjui: kazi ya mtu asomaye kwa sauti, kwa malipo, maneno yaliyoandikwa na mwingine. Huyu ndiye atuambiaye tubonyeze moja kwa Kiswahili tupigapo simu. Ndiye asifuye sabuni redioni, asomaye kitabu cha kusikilizwa, na amsemeshaye Kiswahili mwigizaji wa Kichina katika televisheni. Hoja yetu ni kwamba mtu huyu si bomba ambalo maneno hupita tu. Yeye huyakamilisha maandishi kwa elimu yake ya lugha. Kwa hiyo ana haja ya wenzake, na ana haki juu ya sauti yake.

Kwanza jina. Neno mtangazaji halimtoshi, kwa kuwa mtangazaji hujulikana kwa jina lake na mara nyingi husema maneno yake mwenyewe. Mghani ni wa mashairi. Mwigizaji huonekana kwa umbo. Hapa tutamwita mtia sauti, kwa sababu kutia sauti ndilo tendo lenyewe: maandishi yamekaa kimya, naye huyasemesha.

Asili ya kazi hii kwetu

Kazi hii si ngeni pwani ya Afrika Mashariki. Tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu zilikusudiwa kusomwa kwa sauti mbele ya watu. Hati zile, kama zilivyotumiwa zamani, hazikupambanua sauti zote za Kiswahili: herufi moja ingeweza kusimama badala ya b au p, na alama moja badala ya i au e. Hivyo msomaji alilazimika kuijua lugha kabla ya kuyajua maandishi. Asiyejua neno hakuweza kulisoma sawasawa.

Redio iliongeza idadi ya wasikiaji, ikamwondoa msomaji machoni pao. Utangazaji ulianza Nairobi mwaka 1928, na idhaa ya Kiswahili ya BBC ikaanza London mwaka 1957. Tangu hapo sauti moja iliweza kujulikana na maelfu ya watu wasiomjua mwenye sauti kwa uso. Uzito wa jambo hili ulidhihirika tarehe 1 Agosti 1982, pale askari waliojaribu kuipindua serikali ya Kenya walipokiteka kituo cha Sauti ya Kenya, wakamlazimisha Leonard Mambo Mbotela kusoma tangazo lao. Si vigumu kuona kwa nini walimtaka yeye. Wananchi waliizoea sauti yake, na neno lipitalo katika sauti iliyozoeleka huaminiwa upesi. Sauti, basi, ni mali: yaweza kukodishwa, na yaweza pia kuporwa.

Yale ambayo maandishi hayasemi

Twasema mara nyingi kwamba Kiswahili husomwa kama kiandikwavyo. Kwa mwanafunzi wa darasa la kwanza kauli hiyo yafaa. Kwa mtia sauti haitoshi hata kidogo. Tutazame mifano michache.

Tuchukue tarakimu 25. Katika watu 25, atasoma ishirini na watano. Katika vitabu 25, ishirini na vitano. Katika shilingi 25, ishirini na tano. Tarakimu ni ile ile, lakini upatanisho wa ngeli haukuandikwa. Msomaji ndiye auletaye. Tena hana budi kukumbuka papo hapo kwamba sita, saba, tisa na kumi hazipatani, ilhali nane hupatana.

Saa nayo ni mtego. Mteja wa ng'ambo huandika kwamba mkutano utaanza saa 7.00 asubuhi kwa hesabu yake. Asiyefikiri atasoma saa saba, na wasikiaji watafika adhuhuri. Mtia sauti hodari atasoma saa moja asubuhi, na kabla ya hapo atamwuliza mteja ili kuthibitisha.

Mkazo pia hauandikwi. Sentensi Alijenga barabara ina maana mbili. Mkazo ukiwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, mtu huyu alijenga njia. Ukiwa katika silabi ya tatu kutoka mwisho, alijenga vizuri. Hali kadhalika kituo. Katika Hakuja kwa sababu ya mvua, msomaji akitua kidogo baada ya kitenzi, mvua ilimzuia mtu huyo asije. Asipotua, aweza kueleweka kwamba alikuja, ila kwa sababu nyingine. Swali na taarifa hutofautiana mara nyingi kwa kiimbo tu: Umelipa kodi na Umelipa kodi? hazina tofauti nyingine yoyote.

Zaidi ya hayo kuna matamshi yenyewe. Msomaji asiyepambanua th na s atauza samani alipotakiwa kusifu thamani. Asiyepambanua dh na z ataeleza zana badala ya dhana. Wanaochanganya l na r wajua madhara ya kura na kula, mahari na mahali. Katika Kimvita kaa la moto na kaa wa pwani hutofautiana kwa pumzi, tofauti ambayo tahajia sanifu haiionyeshi. Je, mtia sauti atumie pumzi hiyo? Katika tangazo linalosomwa kwa nchi nzima huenda asiitumie. Katika hadithi ya mvuvi wa Mombasa kuiacha ni kumnyang'anya mvuvi ulimi wake. Uamuzi huo ni wa kiisimu, na aufanyaye ni mtia sauti.

Mwisho wa mifano ni urefu. Mwaka 1963 husomwa kwa Kiswahili kwa silabi kumi na nne, na kwa Kiingereza kwa silabi tano. Tangazo lililopimwa kwa Kiingereza liingie katika nusu dakika, likifasiriwa bila kupunguzwa, humfanya msomaji akimbie mpaka viambishi vimezwe. Kosa ni la mfasiri na mteja; aibu humwangukia mwenye sauti.

Haja ya wenzake

Zamani mtia sauti alifanya kazi studioni. Palikuwa na fundi mitambo, na pengine mwongozaji, ambao walimsikiliza na kumkatiza. Leo wengi husomea nyumbani. Mtu hutundika mablanketi chumbani ili kuzuia mwangwi, huzima feni, hungoja pikipiki ipite, kisha hurekodi kwa kompyuta na kupeleka kazi kwa mteja aliye Dar es Salaam, Muscat au New York. Faida ni kubwa: hahitaji kuhamia mji mkuu. Lakini amempoteza msikilizaji wa kwanza, naye ni hasara kubwa, kwa maana msomaji ni hakimu mbaya wa kosa lake mwenyewe. Yeye aijua maana tayari. Sikio lake husikia alichokusudia, si alichotamka.

Ndiyo sababu watia sauti hutafutana kwa intaneti na kuunda vikundi. Mazungumzo yao yastahili kuangaliwa na wanaisimu, kwani humo usanifishaji hufanyika bila kamati. Mmoja huuliza jina la mji fulani latamkwaje na wenyeji wake, na mwenyeji humpelekea sauti yake. Mwingine ana maandishi ya mteja atakaye kusikika Kenya na Tanzania pamoja: je, aseme runinga au luninga, tarakilishi au kompyuta? Wa Mombasa na wa Tanga hubishana, na mara nyingi hukubaliana juu ya neno lisilomchukiza yeyote.

Ushirika huo una adabu zake. Maandishi ya mteja ambayo hayajatangazwa ni amana. Mwenye swali huuliza neno moja, hamwagi ukurasa mzima. Mwenye kusahihisha huonyesha mahali pa kosa na namna ya kulirekebisha. Hamcheki mwenzake kwa lafudhi ya kwao. Kisha wao huambiana bei. Atiaye sauti peke yake hajui wengine walipwa nini, naye hukubali kidogo. Mteja humtumia huyo kuwashusha wengine wote. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sauti na mashine

Lipo jambo jipya linalotishia kazi hii. Mashine sasa yaweza kujifunza sauti ya mtu kutokana na rekodi zake, kisha ikasema maneno ambayo mtu huyo hakuyasema kamwe. Kisa cha Mmarekani Susan Bennett ni cha kuzingatiwa. Kwa maelezo yake mwenyewe, mwezi wa Julai 2005 alisoma sentensi nyingi sana kwa kazi ambayo hakuelezwa mwisho wake. Mwaka 2011 sauti hiyo ikasikika katika simu za Apple, ikiitwa Siri. Hakuwa ameambiwa, alipata habari kwa mtia sauti mwenzake, aliyeitambua sauti akamwandikia. Angalia kwamba wenzake ndio waliomwamsha.

Haifai kusema kwamba kila mashine isemayo Kiswahili ni adui. Mradi wa Mozilla uitwao Common Voice hukusanya sauti za watu wanaojitolea, na wenye kusoma huambiwa wazi kwamba rekodi zao zitatolewa bure kwa umma. Hiyo ni sadaka ya mtu aijuaye sadaka yake. Tofauti iko katika ridhaa. Aliyelipwa kusoma tangazo la miezi mitatu hakuuza koo lake kwa milele.

Sheria zetu zina mahali pa kuanzia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda haki za wasanii watendaji, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hutaja utambuzi wa sauti katika maana ya data za kimaumbile. Hata hivyo sheria haimsaidii atiaye sahihi asichokisoma. Mkataba wa mtia sauti useme mambo manne: rekodi itatumika wapi, kwa muda gani, italipiwa nini ikitumika tena, na kwamba haitafundishiwa mashine pasipo ruhusa nyingine iliyoandikwa na kulipiwa.

Tamati

Tumeonyesha kwamba kutia sauti ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya koo. Idara zetu hufundisha fonolojia kwa wanafunzi ambao aghalabu hawaombwi wasome ukurasa mmoja kwa sauti mbele ya msikilizaji mkali. Yafaa tuwaombe. Yafaa pia tuwaite watia sauti madarasani, tusikilize wanavyoamua juu ya tarakimu, mkazo na kituo, maana wao hujibu kila siku maswali ambayo sisi huyaandikia makala. Nao wakituuliza juu ya neno, tusikawie kuwajibu. Tukikawia, msomaji ataamua peke yake chumbani mwake usiku, na asubuhi nchi nzima itasema kama alivyosema yeye.