Milia ya Furu Ndani ya Kompyuta

Dume la Pundamilia nyererei, samaki wa jamii ya furu anayeishi kwenye miamba ya Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria, lina mgongo mwekundu, ubavu wa njano na mistari myeusi inayoshuka wima hadi tumboni. Ukiamua kumchora kwa kompyuta, una njia mbili. Ya kwanza ni kuiga kila mstari kama ulivyo. Ya pili ni kuandika kanuni chache, kisha kuiacha mistari ijitokeze yenyewe.

Njia hii ya pili ina mizizi katika makala ya mwaka 1952 ya Alan Turing, mwanahisabati Mwingereza aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa sayansi ya kompyuta. Alionyesha kuwa kemikali mbili zinazoathiriana, zikisambaa kwa kasi tofauti, zinaweza kuzaa madoa au milia pasipo ramani yoyote.

Leo wazo hilo linaweza kujaribiwa kwenye kompyuta ya kawaida. Processing, programu ya bure iliyobuniwa mwaka 2001 na Casey Reas na Ben Fry wa MIT, ilikusudiwa wasanii wanaotaka kuchora kwa msimbo. Ndani yake, kila pikseli hupewa kiasi cha kemikali mbili za kuwaziwa, A na B. Katika kila hatua kemikali huvuja kwenda kwa majirani, A kwa kasi maradufu ya B. B huigeuza A kuwa B. Kisha A huongezwa kidogo na B kupunguzwa kidogo. Palipojaa B, A huisha na B hukosa chakula. Rudia maelfu ya mara, na michoro huota. A ikiongezwa kwa kiwango cha 0.0545 na B kuondolewa kwa 0.062, utaona mistari inayojikunja kama matumbawe. Weka 0.0367 na 0.0649, utapata madoa yanayogawanyika.

Hata hivyo, kufanana si ushahidi. Milia ya kwenye skrini huzunguka ovyo, ya samaki hunyooka. Jibu la samaki hutafutwa maabarani.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, wakiwemo Claudius Kratochwil na Axel Meyer, walimpandisha P. nyererei, ambaye hana milia ya mlalo, na furu mwingine wa Ziwa Victoria aliye nayo. Uzao uliwafikisha kwenye jeni iitwayo agrp2. Ikifanya kazi kwa nguvu, milia ya mlalo huzimika. Walipoiharibu katika P. nyererei, milia hiyo ikajitokeza.

Kumbe uwezo wa kuchora ulikuwamo. Ulikuwa umezuiwa tu. Ziwa Victoria limezaa spishi zaidi ya 500 za furu, zilizotofautiana ndani ya takribani miaka 15,000. Ndani ya muda mfupi hivyo, kuongeza au kupunguza nguvu ya jeni moja ni rahisi kuliko kubuni milia upya. Ndiyo maana milia imepotea na kurudi mara nyingi miongoni mwa samaki hawa.