Mgwisho, Kipigia Nzi na Bawa la Kuku: Kila Mdudu na Chombo Chake



Katika kazi ya ukaguzi mtu huzoea kutafuta chanzo cha hasara katika hati za malipo, katika mizani na katika funguo za ghala. Ni mara chache hutazamia kukikuta chanzo hicho kimetundikwa msumarini nyuma ya mlango. Hata hivyo ndivyo ilivyonitokea katika chama kimoja cha wafuga nyuki mkoani mwetu, ambacho sina haja ya kukitaja jina. Katika daftari la mapokezi niliona ndoo nne za asali zimeandikwa majina ya wenyewe, lakini mahali pa uzito pakiwa patupu. Nilipouliza, karani alinionyesha kipande cha mpira wa gari kilichopigiliwa kwenye mpini wa mti. Hicho ndicho alichokuwa akiulia nzi ofisini.

Siku ya mapokezi ilikuwa mchana wa jua kali, na nyuki walikuwa wameifuata harufu ya asali mpaka kwenye meza ya mizani. Karani alikitwaa kipande chake cha mpira akaanza kuwapiga. Nyuki watano au sita walipopondeka, wenzao waliwashambulia watu. Wanachama walikimbia, na ndoo zilizokuwa zimefunuliwa zikabaki wazi hadi jioni. Mnunuzi alipozikuta zimejaa nyuki waliokufa alizikataa. Wenye ndoo walidai chama kiwalipe. Halmashauri ikadai kwamba wao ndio waliofungua vifuniko. Wanachama wa muda mrefu walikuwa hawaamkiani tena kwa ajili ya ndoo nne.

Hapakuwa na wizi. Palikuwa na chombo kilichotumiwa kwa mdudu asiye wake. Kwa hiyo nimeona inafaa tueleze, kwa lugha ya kawaida, jinsi vyombo vya mkononi vya kupambana na wadudu vinavyotengenezwa, na kwa nini vinatengenezwa hivyo. Msomaji atakayeshika jambo moja tu, yaani upepo, atakuwa ameelewa makala yote.

1. Mgwisho: chombo cha kuleta upepo

Chombo cha zamani kuliko vyote ni mgwisho, ambao wengine huuita usinga. Ni singa za mkia wa ng'ombe au wa mnyama wa porini zilizofungwa kwenye mpini mfupi. Wazee wetu waliushika barazani, na katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki umekuwa alama ya heshima. Hayati Mzee Jomo Kenyatta, Rais wa kwanza wa Kenya, alionekana mara nyingi hadharani akiwa na mgwisho mkononi.

Lakini kabla ya kuwa alama ya heshima, mgwisho ulikuwa mkia, na mkia una kazi yake. Mwaka 2018 wataalamu wa chuo cha Georgia Tech cha Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya mikia ya wanyama. Walieleza kwamba mkia unapopungwa huleta upepo wa kasi ya mita moja hivi kwa sekunde, ambayo inakaribia kasi ya mbu arukapo. Mdudu mdogo hushindwa kutua vizuri katika upepo huo, na mpungo wa mkia peke yake uliweza kuwazuia wadudu karibu nusu. Wale waliofanikiwa kutua ndio ambao mnyama huwachapa kwa ncha ya mkia.

Basi mgwisho mzuri ni wenye singa nyingi, ndefu na nyepesi, ili usukume hewa nyingi bila kumchosha mwenye kuushika. Haukukusudiwa kuua. Sifa hiyo ndiyo inayoufanya ufae mahali penye chakula. Muuza nyama mnadani, au mama anayepima maziwa, hataki nzi aliyepondeka juu ya bidhaa yake. Anataka nzi aondoke. Ila singa hushika uchafu, kwa hiyo mgwisho uoshwe kwa sabuni na kuanikwa juani, wala usiguse nyama.

2. Kipigia nzi: chombo cha kukwepa upepo

Mtu anayetaka kumwua nzi anahitaji kinyume kabisa cha mgwisho. Nzi ana vinyweleo vinavyohisi hewa ikitikisika, na macho yanayoweza kutofautisha mimweko ya nuru zaidi ya mara 200 katika sekunde moja, ilhali macho ya binadamu hufikia kama mara 60. Kiganja cha mkono kikishuka husukuma hewa mbele yake, na hewa hiyo hufika kabla ya kiganja. Tunampigia nzi hodi kabla ya kuingia. Kipande cha mpira usio na matundu kina kasoro hiyo hiyo, tena ni kizito na hushuka polepole.

Dawa ya kasoro hiyo ni matundu. Mnamo Januari 1900 Robert Montgomery, wa mji wa Decatur katika jimbo la Illinois, Marekani, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wa kifaa cha kuulia nzi kilichotengenezwa kwa wavu wa waya wenye mpini. Miaka michache baadaye, katika jimbo la Kansas, daktari Samuel Crumbine aliyesimamia afya ya umma aliendesha kampeni kubwa dhidi ya nzi. Mwalimu mmoja wa shule, Frank Rose, alichukua kijiti cha kupimia, akakipigilia kipande cha wavu wa dirisha, na kifaa hicho kikaenea. Yafaa tukumbuke kwamba hakikutoka kiwandani. Kilitoka mikononi mwa mwalimu, kwa vitu alivyokuwa navyo.

Wavu huacha hewa ipite, kwa hiyo nzi hapati habari mapema. Hewa isipozuiwa, kipigia chenyewe hushuka kwa kasi zaidi. Mpini nao una sababu yake. Mtu apigapo kwa kukunjua kiwiko, ncha ya mpini wa sentimita 45 husafiri takriban mara mbili ya kasi ya kiganja chake. Mpini ukiwa na unyumbufu kidogo, ncha huongeza kasi mwishoni kama mjeledi. Uso nao uwe laini na wenye kunyumbulika, ili ulale sawasawa juu ya ukuta wa udongo usionyooka, wala usipasue kioo cha dirisha.

Chama chochote kinaweza kutengeneza vipigia vyake namna hii:

(a) Chukua wavu wa madirisha wa kuzuia mbu, upana sentimita 10 na urefu sentimita 12. Wavu ukikosekana, kata mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa na uutoboe kwa msumari wa moto, matundu yakiachana sentimita moja. Tundu liwe dogo kuliko mwili wa nzi.

(b) Shona utepe wa kitambaa kuzunguka ukingo, ili nyuzi za waya zisikwaruze ngozi wala ukuta.

(c) Kunja waya imara katikati, ubane wavu kati ya ncha zake mbili, kisha usokote sehemu iliyobaki iwe mpini wa sentimita 45 hadi 50. Ufito mwembamba ulionyooka hufaa pia.

(d) Toboa tundu mwishoni mwa mpini kwa ajili ya kutundikia. Kipigia kilichoachwa juu ya meza ya mizani ni uchafu juu ya meza ya mizani.

Hata namna ya kupiga imechunguzwa. Mwaka 2008 Michael Dickinson na wenzake wa chuo cha Caltech, Marekani, walieleza kwamba nzi akiona kitu kinamjia hupanga miguu yake kwanza, katika sehemu ndogo sana ya sekunde, ili aruke kwenda upande ulio mbali na hatari. Kwa hiyo usilenge pale alipo. Sogeza kipigia polepole, kisha piga mbele yake kidogo, upande unaotazamia atakimbilia.

Vipo pia vipigia vya umeme vyenye umbo la raketi ya tenisi, vinavyotumia betri na kuuzwa madukani. Huua kwa kuunguza, wala havihitaji ukuta wa kupigia. Lakini mdudu anayepigwa na umeme huweza kupasuka na kutawanya vipande vyenye vijidudu hewani. Kwa sababu hiyo raketi hiyo isitumiwe karibu na asali, maziwa, nyama au mafuta ya alizeti yasiyofunikwa.

3. Mbung'o hauawi kwa kofi

Wanachama wa Manyoni na Itigi, wanaoingia porini kurina asali, wanamjua mbung'o kuliko mimi. Mwili wake ni mgumu na bapa, nao huvumilia kofi. Mtu hupiga, akadhani ameua, na baada ya muda mfupi mdudu huyo huruka tena. Kipigia laini tulichokieleza hakimtoshi. Akishatua juu ya nguo hana budi kukandamizwa na kupondwa kabisa.

Watu waliofanya kazi ya kupambana na mbung'o walichagua chombo kingine, yaani wavu wa mkono: mfuko wa kitambaa chepesi uliotiwa kwenye duara la waya na kufungwa kwenye mpini. Wavu huo ulitumika sana katika uchunguzi ulioendeshwa Shinyanga chini ya C.F.M. Swynnerton, mkuu wa kazi hiyo katika Tanganyika hadi alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Watu walipita njia maalumu porini, wakiwakamata mbung'o na kuwahesabu, ili wajue wameongezeka au wamepungua. Wavu hufuata kanuni ile ile ya kupitisha hewa, lakini humeza badala ya kupiga. Kwa mwanachama wa kawaida kinga bora ni mavazi: nguo nene yenye mikono mirefu, isiyo ya buluu wala nyeusi, kwa kuwa rangi hizo humvuta mbung'o.

4. Nyuki: bila pigo, bila upepo

Sasa turudi kwenye meza ya mizani. Nyuki akiumizwa au kupondwa hutoa harufu inayowaita wenzake kushambulia. Mwaka 1962 wataalamu walitambua kemikali iliyo kubwa katika harufu hiyo, na wafuga nyuki wengi husema inafanana na ndizi mbivu. Kila nyuki aliyepondwa na karani yule alikuwa kama baragumu lililopigwa. Tena mpira ule uliendelea kunuka, kwa hiyo kila alipouinua aliwaita wengine.

Mgwisho nao haufai, kwa sababu nyuki huchukizwa na mapungo ya haraka na hewa inayotikiswa. Chombo cha nyuki ni cha kufagia: brashi yenye nywele laini na ndefu, za rangi nyeupe au ya kufifia. Anayekosa brashi atumie bawa la kuku lililooshwa, au kitita cha majani mabichi. Kiloweshwe maji kidogo, kisha nyuki wasogezwe taratibu, mdudu kwa mdudu, bila kubanwa. Asali ikigandamana kwenye brashi ioshwe, kwani brashi inayonata huwaumiza nyuki.

Lakini brashi ni ya nyuki wachache. Wakija wengi, tatizo si chombo bali ni utaratibu wetu. Asali ipokelewe jioni au alfajiri; madirisha ya chumba cha mapokezi yawekwe wavu; ifunuliwe ndoo moja tu, ile inayopimwa; matone yafutwe kwa maji papo hapo; na uzito uandikwe kabla ya ndoo inayofuata kufunguliwa.

5. Mpaka wa kazi ya chombo

Tusidanganyane kwamba kipigia nzi kitamaliza nzi. Nzi wa nyumbani hutaga mayai mamia kadhaa katika maisha yake, na katika joto yai huweza kuwa nzi kamili katika muda wa siku saba hadi kumi. Lundo la samadi lililoachwa nyuma ya ghala hutoa nzi wengi kuliko mkono wowote unavyoweza kuua. Nzi wanaotua machoni mwa watoto na kueneza vikope, ugonjwa uliowatesa watu wengi wa mikoa ya kati, huzaliana hasa katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi ardhini. Choo kinachotumiwa na kila mtu ni silaha kubwa kuliko zote nilizozitaja. Kipigia ni kwa wale wachache walioponyoka.

Kuhusu ndoo nne, maoni niliyoyatoa mbele ya halmashauri yalikuwa kwamba mzigo ukiisha kuandikwa katika daftari la mapokezi, dhamana yake ni ya chama, wala haiwezi kurudishwa kwa mwenye mali kwa sababu karani alikimbia. Kwa kuwa uzito haukuandikwa, ilibidi zipimwe pamoja na uchafu wake mbele ya wenyewe, na wajumbe wakakubaliana juu ya kiasi cha kupunguza. Wenye mali walilipwa kutoka fedha za chama, jambo lililowagusa wanachama wote.

Nilipopita tena mwaka uliofuata nilikuta kipigia cha wavu kimetundikwa ofisini, na bawa la kuku, safi, kando ya mizani. Katika daftari la mapokezi hapakuwa na nafasi tupu hata moja. Ndugu Katibu, kabla hujafunga ukurasa huu, tazama nyuma ya mlango wa ofisi yako uone kuna nini pale.