Vitamini E si Dawa ya Kupata Mtoto

Mama mmoja wa kanisani kwetu alinifuata baada ya ibada, akafungua mkoba wake na kunionyesha chupa ya vidonge vya vitamini E. Alikuwa ameolewa miaka minne, hajapata mtoto. Shoga yake alimwambia kuwa hiyo ndiyo vitamini ya uzazi, naye akaimeza mwaka mzima, akiinunua kwa pesa ya matumizi bila mumewe kujua.

Sifa hiyo ilitoka wapi? Mwaka 1922, wataalamu wawili wa Marekani, Herbert Evans na Katharine Bishop, waligundua kuwa panya waliokosa kitu fulani katika chakula walishika mimba, lakini watoto walifia tumboni. Kitu hicho ndicho vitamini E. Lakini binadamu si panya. Haijathibitishwa kuwa vidonge hivyo humpatia mwanamke mimba, na Shirika la Afya Duniani halipendekezi mjamzito apewe vitamini E ya nyongeza ili kuboresha uzazi.

Kazi yake hasa ni kulinda chembe hai za mwili zisiharibike. Mtu mzima huhitaji miligramu 15 kwa siku, na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya alizeti kina zaidi ya 5. Nyingine zimo katika karanga, parachichi na mboga za majani. Kwa kuwa huyeyuka katika mafuta, mchicha uunge kwa mafuta kidogo au karanga. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi hupoteza vitamini hii.

Vidonge vyenye kipimo kikubwa vyaweza kusababisha mtu atokwe na damu kwa urahisi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asivimeze bila kumwuliza daktari.

Nilimshauri mama yule amweleze mumewe, waende hospitali pamoja. Mume na mke wakikaa mwaka mmoja bila mimba, au miezi sita ikiwa mke amepita miaka 35, wapimwe wote wawili, kwani huenda tatizo liko kwa mume. Walikwenda. Mtoto bado hajapatikana, lakini sasa wanatibiwa pamoja, na ile pesa ya vidonge imerudi jikoni.

Mama mpendwa, usibebe mzigo huo peke yako.